Namna ya kuandika maisha ya mzee wa kwenu, kuanzia mazungumzo hadi nakala ya mwisho

Watu huandika kwa sababu kuna mtu hayupo. Aliye mbele yako utamweleza kwa mdomo na yataisha. Ukilazimika kushika kalamu, ujue unayetaka kumwambia yuko mbali, au hajazaliwa, au wewe mwenyewe hutakuwepo siku atakapohitaji maneno yako. Mnamo 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, kisiwani Pate, alikuwa mgonjwa, na ugonjwa ulikuwa umetimiza mwaka. Alimwita bintiye, Mwana Hashima, asogee karibu na wino na karatasi. Alikuwa na wasia, na alijua binti yake angeuhitaji zaidi wakati mama hayupo tena kumkumbusha. Zaidi ya karne moja baadaye, mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka aliouandika kuikosoa serikali. Gerezani alitunga mashairi akayaandika kwenye karatasi za chooni, maana walimu, jamaa na wananchi aliotaka kusema nao walikuwa nje ya ukuta. Mashairi hayo yalichapishwa 1973.

Nimeanza na hao wawili kwa sababu hali yao inaeleza kazi yote ya uandishi. Msomaji hawezi kukukatiza akuulize, "Nani huyo?" au "Ilikuwa wapi?" Haoni uso wako wala mikono yako. Kila kilichofanywa na sauti, jicho na kidole wakati wa maongezi, sasa lazima kifanywe na maneno peke yake. Ndiyo maana hakuna anayeandika mara moja akamaliza, hata awe fundi namna gani.

Mwongozo huu ni wa kazi moja tu: kuandika maisha ya mzee wa kwenu. Nimeichagua kwa kuwa ni kazi ambayo karibu kila ukoo una mtu aliyeahidi kuifanya, na wazee hawasubiri ahadi. Tena anayeifuata hadi mwisho atakuwa amejifunza hatua zote ambazo mwandishi wa jambo lolote huzipitia.

Hatua ya kwanza: chagua msomaji mmoja

Usiandikie "jamii" wala "vizazi vijavyo". Hao hawana uso. Chukua mtu mmoja unayemjua: mtoto wa dada yako anayekulia Muscat au Minneapolis, anayekielewa Kiswahili cha mezani lakini hajawahi kuona kinu wala kuchota maji kisimani. Au mdogo wako wa mwisho, aliyezaliwa wakati babu ameshaacha kazi. Andika jina lake kwenye jalada la ndani la daftari. Kila utakapokwama, ukijiuliza kama jambo fulani lielezwe au liachwe, fungua jalada umwangalie huyo. Kwa mtoto wa Muscat utaeleza kinu ni kitu gani. Kwa binamu yako wa kijijini utapita tu.

Hatua ya pili: omba ruhusa

Mwendee mzee, mwamkie, mpe habari za nyumbani, kisha mweleze waziwazi unachotaka kufanya, nani atakisoma na utakirekodi kwa simu. Wazee wengi hufurahi, ila wapo wanaohofia, na hofu yao ina sababu. Maisha ya mtu yana ndoa zilizovunjika, watoto waliolelewa kwa jina lisilo lao, madeni, na zaidi ya yote, ardhi. Sentensi moja ya kwamba shamba la mtoni lilikuwa la fulani inaweza kuja kupelekwa baraza la ardhi kama ushahidi. Mwambie mapema kwamba akisema "hili lisiandikwe", halitaandikwa, na ulitimize. Mambo ya mipaka na urithi yaweke kwenye karatasi ya pembeni, yashughulikiwe na wanaohusika.

Hatua ya tatu: mazungumzo

Hapa ndipo kazi inapotengenea au kuharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usimwambie mzee "nieleze maisha yako". Swali hilo ni kubwa mno, naye atakujibu kwa ukubwa huohuo: "Maisha yalikuwa magumu, mjukuu wangu, lakini Mungu alisaidia." Ni kweli tupu, na huwezi kuandika ukurasa kutokana nayo. Uliza vitu vinavyoshikika. Mlango wa nyumba mliyokulia ulielekea wapi? Nani alikuwa wa kwanza kuamka, na alianza kufanya nini? Maji mlichota wapi na mlibeba kwenye chombo gani? Nguo ya kwanza uliyonunuliwa mpya ilikuwa ipi? Siku uliyoolewa mlikula nini, na nani alipika? Kumbukumbu hukaa kwenye vitu na mahali. Ukimshika mzee kwenye sufuria atakufikisha kwa aliyeinunua, aliyeinunua atakufikisha kwenye kazi aliyokuwa akifanya, na kazi itakufikisha kwenye safari ambayo hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuisikia.

Kaa naye muda mfupi mara nyingi. Nusu saa hadi saa moja inatosha, na kwa wazee wengi asubuhi baada ya chai ni bora kuliko jioni. Weka simu karibu na mdomo wake, mbali na redio, feni na kuku. Iweke isipokee simu wakati unarekodi. Mwanzo wa kila rekodi sema kwa sauti tarehe, mahali na waliopo, na ukimaliza ipe jina linaloeleweka, mfano "Bibi, Muheza, harusi na kuhamia mjini". Majina ya namba yanayotolewa na simu yenyewe hayatakusaidia ukishakuwa na rekodi nyingi.

Mzee akinyamaza, nyamaza naye. Kimya kirefu mara nyingi ni mtu anayetafuta, na ukimkatiza kwa swali jipya unamrudisha mlangoni. Akianza wimbo, hata kama umekatisha habari uliyokuwa unaifuata, mwache aimbe mpaka mwisho. Na inapowezekana mkalishe na mwenzake: wifi, shoga wa zamani, mdogo wake. Wakibishana kama ng'ombe walikuwa wawili au watatu, wewe ndiye unayefaidika, kwa sababu katika ubishi huo kila mmoja atataja ushahidi ambao asingeutaja akiwa peke yake.

Daftari liwepo pamoja na simu. Simu inashika sauti peke yake. Mikono huikosa. Bibi akisema "jua likiwa hapa" huku ameinua kiganja juu ya utosi, rekodi itakuletea "hapa" isiyo na mahali. Andika papo hapo: "hapa = utosini".

Hatua ya nne: tafuta miaka

Wazee wetu wengi hawahesabu maisha kwa kalenda, na ukiwalazimisha watakutajia mwaka wowote ili wakuridhishe. Uliza jambo hilo lilitokea kabla au baada ya tukio ambalo tarehe yake inajulikana. Kwa Tanzania Bara una Uhuru, Desemba 1961. Azimio la Arusha, Februari 1967. Kuhamishiwa vijiji vya Ujamaa, ambako kulishika kasi 1973 hadi 1976. Vita vya Kagera, vilivyoanza mwishoni mwa 1978 na kuifikisha Kampala mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda Aprili 1979. Kuzama kwa meli ya MV Bukoba, Mei 1996. Kifo cha Mwalimu Nyerere, Oktoba 1999. Unguja na Pemba wanayo Mapinduzi ya Januari 1964. Kenya una Uhuru wa Desemba 1963, kifo cha Mzee Kenyatta Agosti 1978, maziwa ya Nyayo yaliyoanza kugawiwa shuleni 1979, jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Uganda una Amin kuchukua nchi Januari 1971 na kufukuzwa kwa Wahindi 1972. Kwa mzee wa Kongo, uliza kama nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire. Jina hilo lilidumu 1971 hadi 1997.

Ukishapata tukio, fanya hesabu ndogo. Bibi amesema mjomba alikuwa anatambaa walipohamishwa kwenda kijiji kipya. Umegundua kijiji hicho kilianzishwa 1974. Basi mjomba alizaliwa 1973 au mapema 1974, hata kama kitambulisho chake kinasema 1976. Kisha tafuta karatasi za kuthibitisha: cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, kadi ya kliniki, cheti cha kumaliza shule, kadi ya chama, ya TANU au ya ASP, kipande cha kazi, yaani kadi iliyoandikwa siku ulizofanya kazi. Karatasi hizi huwa ndani ya sanduku la bati, chini ya khanga. Omba kuziona, zipige picha palepale, zirudishe zilipokuwa. Pale ambapo mdomo na karatasi havikubaliani, andika vyote viwili na useme kipi kimetoka wapi.

Hatua ya tano: nakili

Sikiliza rekodi na uandike kilichosemwa. Ni kazi ya polepole, saa moja ya maongezi inaweza kula saa nne au zaidi za kunakili, kwa hiyo panga kipande kidogo kila siku. Nakili kama alivyosema. Kama ni Mmvita, Mngazija au Mpemba, mwachie lafudhi na maneno yake. Kama ni mtu wa Lubumbashi, usimgeuze kuwa wa Dar es Salaam. Kusafisha kuna wakati wake, na hata wakati huo kutafanyika kwenye maelezo yako. Maneno ya mzee uyaache.

Hatua ya sita: jiulize habari hii inahusu nini

Sasa una kurasa nyingi na kishawishi kikubwa: kuanza na "Bibi alizaliwa katika kijiji cha..." na kuteremka mwaka kwa mwaka hadi leo. Huo ni mpango wa fomu ya serikali, na msomaji wako ataufunga kabla bibi hajafika darasa la kwanza.

Soma nakala zote mfululizo bila kuandika chochote. Utaona kuna jambo linalojirudia bila mzee mwenyewe kulikusudia. Huenda kila simulizi ina safari ya kuhama. Huenda kila mara anapotaja pesa anamtaja kaka yake. Huenda hamtaji mume wake wa kwanza kabisa, na uzito uko hapohapo. Geuza jambo hilo liwe swali moja na uliandike kwa sentensi moja: Kwa nini bibi alihama mara nyingi hivyo? Babu aliwezaje kusomesha watoto wote kwa mshahara wa reli? Swali hilo litakusaidia kuamua kipi kiingie. Simulizi tamu isiyogusa swali iweke mwisho wa daftari, katika sehemu ya mambo mengineyo. Usiitupe.

Wengi huruka hatua hii, na mimi naihesabu kuwa ndiyo inayotenganisha rundo la kumbukumbu na maandishi. Usiogope kama swali lako litabadilika katikati ya kuandika. Mara nyingi mtu hajui anataka kusema nini mpaka ameona alichoandika.

Hatua ya saba: rasimu ya kwanza

Andika haraka, kwa mkono au kwa kompyuta, bila kurudi nyuma kusahihisha. Anza na sehemu unayoiona vizuri zaidi, hata kama ni ya katikati ya maisha. Mwanzo utauandika ukishajua mwisho. Ukikosa jambo, acha mabano yenye maelezo, "(muulize jina la mnyapara)", na uendelee. Rasimu hii ni yako peke yako, kwa hiyo haina haja ya kupendeza. Kazi yake ni kukuonyesha una nini na umekosa nini.

Kuhusu muda: afadhali nusu saa ya kila siku, saa ileile, kuliko Jumamosi nzima itakayokuja kuangukiwa na msiba au arusi.

Hatua ya nane: andika upya

Weka rasimu kando siku kadhaa, kisha uisome kana kwamba wewe ni yule mtu wa kwenye jalada. Kila mahali ambapo yeye angeuliza "nani?", "wapi?", "kwa nini?" au "ikawaje?", weka alama pembeni. Kuandika upya maana yake ni kuyajibu maswali hayo, moja baada ya moja.

Chukua mfano. Tuseme bibi aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga amekwambia hivi:

"Tunaamka bado giza, tunashika njia, huyu yuko mgongoni. Ukifika mnyapara keshafika. Ukimkuta keshahesabu, basi tena. Tunaanika, tunaanika, jua likiwa hapa ndipo unamnyonyesha."

Rasimu ya kwanza huwa inatoka hivi:

"Bibi alifanya kazi ngumu katika mashamba ya mkonge. Alipitia changamoto nyingi katika malezi, lakini hakukata tamaa."

Hakuna kosa la sarufi hapo, lakini bibi hayupo. Sentensi hizo zinamfaa bibi yeyote wa mahali popote. Ulichosikia kilikuwa na giza, njia, mtoto na jua. Kwenye karatasi umebakiza "changamoto". Sasa rudi kwenye nakala uulize kama msomaji wako. "Huyu" ni nani? "Basi tena" maana yake nini, alirudi nyumbani au alikatwa mshahara? Walikuwa wanaanika nini? "Hapa" ni wapi? Majibu mengine yako kwenye daftari, mengine itabidi urudi kwa bibi. Kisha:

"Walitoka kabla ya mapambazuko, bibi akiwa na mjomba mgongoni. Mnyapara alifika mapema kuliko wote, na aliyemkuta ameshahesabu watu alirudi nyumbani, siku hiyo haikuandikwa kwenye kipande chake. Kazi yao wanawake ilikuwa kuanika singa, nyuzi za mkonge, zilizotoka kwenye korona, mashine ya kusaga majani ya mkonge, zikiwa mbichi na nzito kwa maji. Mjomba hakunyonyeshwa mpaka jua lilipofika utosini."

Hakuna neno "ngumu" popote hapo. Halihitajiki, kwa kuwa msomaji amejionea mwenyewe. Angalia pia korona imeelezwa kwa maneno machache kwa ajili ya mtoto wa Muscat, bila kusimamisha habari.

Fanya hivyo aya kwa aya. Ukikutana na maneno kama "changamoto", "mafanikio", "maisha bora", "mchango mkubwa", simama uulize ni kitu gani hasa kilitokea, ukiandike hicho. Na uwe mwangalifu usivuke kutoka kuuliza hadi kubuni. Kama bibi hakumbuki mvua ilinyesha au la, usinyeshe mvua yako.

Rasimu tatu si nyingi. Ya pili hujibu maswali ya msomaji. Ya tatu hupanga upya, maana ukishajibu maswali utaona aya ya tano ndiyo ilipaswa kutangulia.

Hatua ya tisa: soma kwa sauti

Kiswahili kilitungwa kwa masikio kabla ya macho, na sikio linakamata makosa ambayo jicho linayavuka. Msomee kwanza mtu mwingine wa nyumbani. Pale anaposinzia, punguza. Pale anaposema "rudia", umepatia. Sentensi inayokuishia pumzi kabla ya nukta ikate mara mbili.

Halafu msomee mwenyewe, mzee. Mpe nafasi ya kusema "hapana, haikuwa hivyo", na mpe pia nafasi ya kubadili mawazo kuhusu aliyoyaruhusu. Mara nyingi usomaji huu ndio unaofungua mazungumzo mazuri kuliko yote, kwa sababu sasa ameona umemsikiliza kweli. Rekodi siku hiyo pia.

Hatua ya kumi: tahajia na nakala

Sahihisha tahajia mwishoni kabisa. Ukianza nayo utakuwa unapiga pasi nguo ambayo bado haijashonwa. Tazama hasa maneno yanayokatwa pasipostahili ("nime fika", "haku rudi") na yanayounganishwa pasipostahili ("kwasababu", "ilinipate" badala ya "ili nipate"). Kagua r na l, na kagua majina ya watu na vijiji kwa kumuuliza mwenye jina. Maneno ya mzee mwenyewe yaweke ndani ya alama za kunukuu.

Kisha chapisha, au nakili kwa mwandiko safi kwenye kaunta buku. Kwenye ukurasa wa kwanza weka jina la mzee, jina lako, mahali na tarehe mlipozungumza. Toa nakala tatu angalau: moja ibaki kwa mzee, moja iende kwa msomaji wako wa kwenye jalada, moja ikae nyumba nyingine kabisa, maana mchwa na moto havichagui. Rekodi za sauti zihifadhi sehemu mbili, usiziache kwenye simu peke yake. Na mwishoni mwa kila nakala acha kurasa kumi tupu. Shangazi atakayesoma akasema "hapa umekosea, mimi nilikuwepo", mpe kalamu.